Mwongozo Kamili wa Kuchagua Tahasusi ya Kidato cha Tano kwa Binti: Kutoka Matokeo ya Kidato cha Nne hadi Siku ya Kuripoti Shuleni

Kila mwaka, mara tu majina ya waliochaguliwa kujiunga na Kidato cha Tano yanapotoka, wazazi hujaa katika ofisi za elimu wakiomba jambo moja: binti abadilishiwe tahasusi, yaani kundi la masomo matatu atakayosoma. Wapo waliojikuta na HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili) wakati binti anataka kuwa daktari, wapo waliopangiwa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) ilhali binti alipata D ya Hisabati, na wapo waliochagua shule kwa jina lake bila kuuliza inafundisha masomo gani. Wengi huondoka bila kusaidiwa, kwa sababu nafasi zimekwisha kugawanywa.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi na binti mwenyewe. Unahusu shule za sekondari za wasichana za Tanzania Bara, hasa zile za bweni za serikali, ambako binti hupangwa na wizara inayoshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Fuateni hatua kwa mpangilio, kwa kuwa kila hatua inahitaji majibu ya ile iliyotangulia.

Mambo ya kuwa nayo mezani kabla ya kuanza

- Matokeo ya Kidato cha Nne ya binti, somo kwa somo, kama yalivyotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Daraja peke yake halitoshi.
- Namba yake ya mtihani, ikiwa imeandikwa kwa usahihi pamoja na mwaka.
- Nakala ya machaguo aliyojaza akiwa bado shuleni. Mabinti wengi huyasahau, na mwalimu wa taaluma huwa na kumbukumbu zake.
- Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa wenye sifa za Kidato cha Sita. Hupatikana bure katika tovuti ya tume.
- Mwongozo wa udahili wa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), kwa ajili ya kozi za vyuo vya kati.
- Orodha ya shule za Kidato cha Tano pamoja na tahasusi zinazotolewa, ambayo huonekana ndani ya mfumo wa uchaguzi, yaani Selform.
- Simu au kompyuta yenye intaneti, namba ya simu ambayo haitabadilishwa hivi karibuni, na daftari la kuandikia nywila.
- Saa mbili za utulivu, binti akiwepo. Uchaguzi unaofanywa na mjomba akiwa peke yake katika duka la intaneti ndio unaoleta vilio mwezi Juni.

Hatua ya 1: Tazameni masomo aliyoyafanyia mtihani, si ndoto pekee

Tahasusi ni kundi la masomo matatu ambayo binti atayasoma kwa undani Kidato cha Tano na cha Sita. Hawezi kuchagua Fizikia ya Kidato cha Tano ikiwa hakuifanya Kidato cha Nne. Kwa wanafunzi walioanza sekondari kabla ya mwaka 2025, masomo ya lazima hadi Kidato cha Nne ni saba: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Hisabati na Baiolojia. Fizikia na Kemia huwa za hiari kuanzia Kidato cha Tatu, na sawa na hizo ni masomo ya biashara.

Kwa hiyo mlango wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) na PCM hufungwa mwishoni mwa Kidato cha Pili, si baada ya matokeo ya Kidato cha Nne. Binti mwenye umri wa miaka kumi na mitano anaulizwa kama ataendelea na Fizikia, anatazama alama zake za mtihani wa upimaji wa Kidato cha Pili, anawasikiliza wenzake wakisema ni somo gumu, na anaacha. Nyumbani hakuna aliyeulizwa. Jambo hili linaniuma sana, kwa sababu mara nyingi binti huyo hakushindwa somo. Alikosa mwalimu kwa mihula miwili. Ikiwa mna binti mwingine aliye Kidato cha Pili, nendeni shuleni kabla ya muhula wa mwisho kwisha, mkae na mwalimu wa taaluma, na mwombe binti asiruhusiwe kuacha Fizikia na Kemia bila ninyi kujua.

Waliojiunga na Kidato cha Kwanza kuanzia mwaka 2025 wapo katika mtaala ulioboreshwa, wenye mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali, pamoja na somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Hao watafika Kidato cha Nne mwaka 2028. Wazazi wao wasitumie orodha ya masomo saba niliyoiandika hapo juu. Waombe orodha ya masomo ya mkondo husika kutoka kwa mkuu wa shule.

Mwisho wa hatua hii muwe na karatasi yenye safu mbili: masomo aliyofanya na alama zake, na masomo ambayo hakuyafanya kabisa. Tahasusi yoyote inayogusa safu ya pili ifuteni sasa, isije ikawapotezea muda baadaye.

Hatua ya 2: Pigeni hesabu ya pointi kwa kila tahasusi inayowezekana

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa hutazama daraja na kudhani kwamba Daraja la Kwanza linafungua kila kitu. Daraja hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Uchaguzi wa tahasusi hutazama masomo matatu tu.

Pointi za Kidato cha Nne ni hizi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Kadiri jumla inavyokuwa ndogo ndivyo ilivyo bora. Vigezo vilivyotumika katika chaguzi za miaka ya karibuni ni kwamba mwanafunzi awe na krediti zisizopungua tatu, yaani alama A, B au C. Jumla ya pointi za masomo ya tahasusi iwe kati ya 3 na 10. Na asiwe na F katika somo lolote la tahasusi hiyo. Kuna pia kikomo cha umri, ambacho kimekuwa miaka 25.

Tuchukue mfano wa binti mwenye matokeo haya: Kiswahili A, Baiolojia B, Jiografia B, Fizikia C, Kemia C, Historia C, Uraia C, Kiingereza C na Hisabati D. Masomo yake saba bora yanatoa 1 + 2 + 2 + 3 + 3 + 3 + 3, ambayo ni pointi 17, yaani Daraja la Kwanza kwa kuligusa ukingoni. Sasa tutazame tahasusi zake:

- HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili): 3 + 2 + 1 = 6
- CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia): 3 + 2 + 2 = 7
- HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza): 3 + 1 + 3 = 7
- HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza): 3 + 2 + 3 = 8
- PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia): 3 + 3 + 2 = 8
- PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati): 3 + 3 + 4 = 10

Kwa hesabu tupu, HGK inaongoza, na jamaa wengi watasema mjadala umekwisha. Mimi nasema bado. Pointi 8 za PCB ni sifa halali, na tofauti ya pointi mbili si sababu ya kumwondoa binti katika sayansi ikiwa huko ndiko anakotaka kwenda. Lakini PCM yenye pointi 10 ni jambo jingine: anafika mlangoni kwa shida, atashindana na wenye pointi 4 na 5 kwa nafasi zilezile, na somo lililo dhaifu ndilo litakalokuwa zito kuliko yote huko mbele.

Tahadhari: msichanganye mizani. Kidato cha Sita A huwa na uzito mkubwa wa pointi katika udahili wa vyuo vikuu, wakati Kidato cha Nne A ni pointi 1. Nimeona wazazi wenye elimu nzuri wakizichanganya na kukata tamaa bure.

Mkimaliza, mtakuwa na orodha ya tahasusi tatu hadi tano ambazo binti ana sifa nazo, zikiwa zimepangwa kwa pointi. Orodha hiyo msiitumie kuamua. Itumieni kama uwanja wa kuchagulia.

Hatua ya 3: Anzeni na kozi, kisha rudini kwenye tahasusi

Muulizeni binti ataje kazi tatu anazozitamani, bila kumkatiza. Kisha fungueni mwongozo wa TCU na msome sifa za kuingilia za kozi zinazoelekea kazi hizo, chuo kwa chuo. Kazi hii inachosha, lakini hakuna inayolipa zaidi.

Sifa ya chini ya jumla kwa shahada nyingi ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi kwa jumla isiyopungua pointi 4.0, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Juu ya hapo kila kozi huweka masharti yake, na masharti hayo ndiyo yanayoamua tahasusi.

Udaktari wa tiba ndio mfano ulio wazi. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hutaka Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja ikiwa angalau D, na jumla isiyopungua pointi 6. Binti aliyesoma CBG, hata akipata A tatu, hana Fizikia, na mlango huo kwake umefungwa. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote: familia inasikia kwamba CBG nayo ni sayansi, inaichagua kwa kuwa inaonekana nyepesi, na inagundua tofauti baada ya miaka miwili. CBG ni tahasusi nzuri kwa anayeelekea kilimo, mazingira au ualimu wa sayansi. Aichague anayekwenda huko.

Uhandisi hutaka Fizikia na Hisabati ya juu, kwa hiyo PCM, na kwa baadhi ya fani PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati). EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) huelekea uchumi, takwimu na mipango, na naiona kuwa ni tahasusi isiyothaminiwa inavyostahili katika shule za wasichana. HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) na ECA (Uchumi, Biashara, Uhasibu) huelekea uchumi na biashara. HGL, HKL na HGK hufungua sheria, ualimu, utawala na mawasiliano ya umma, ingawa baadhi ya kozi huangalia kwa makini alama ya Kiingereza, jambo ambalo anayechagua HGK anapaswa kulichunguza mapema.

Lipo pia somo linalosahaulika: Hisabati tumizi ya msingi, ambayo wanafunzi huiita BAM. Husomwa na wale wa tahasusi za sayansi na uchumi zisizo na Hisabati ya juu, kama PCB, CBG, HGE na ECA. Halimo katika masomo matatu ya tahasusi, kwa hiyo mabinti wengi hulipuuza, kisha wanaomba kozi inayolitaja miongoni mwa sharti zake. Anayechagua tahasusi hizo ajue tangu sasa kwamba hajaachana na Hisabati.

Mwaka 2024 idadi ya tahasusi iliongezwa kutoka 16 hadi 65, zikiwamo za lugha, michezo, sanaa na elimu ya dini. Ni hatua njema kwa binti mwenye kipaji cha muziki au lugha za kigeni. Hata hivyo, tahasusi kuwamo katika orodha ya taifa hakumaanishi kwamba ipo shule ya wasichana yenye mwalimu wake. Kabla ya kuipenda, someni hatua ya 5.

Mtajua mmefaulu hatua hii ikiwa binti anaweza kusema kwa maneno yake mwenyewe: nachagua tahasusi hii, inaniwezesha kuomba kozi hizi tatu, na kozi ile siwezi kuiomba. Asipoweza kutaja kozi aliyoipoteza, bado hajaelewa alichochagua.

Hatua ya 4: Lipimeni somo lililo dhaifu kabla ya kulibeba

Kidato cha Tano huanza Julai na mtihani wa taifa wa Kidato cha Sita hufanyika Mei ya mwaka wa pili unaofuata. Ukiondoa likizo na majaribio, muda wa kufundishwa ni mfupi kuliko miaka miwili inayotajwa. Msingi uliobomoka haujengwi upya ndani ya muda huo huku mada mpya zikiendelea kumiminika.

Tafuteni kitabu cha Kidato cha Tano cha somo lenye alama ya chini kati ya yale matatu, pamoja na mwalimu au mwanachuo wa kumwongoza. Kwa Hisabati ya juu, binti ajaribu mada za mwanzo: seti, mantiki, trigonometria. Baada ya wiki moja au mbili, muulizeni kama anashindwa kwa sababu hajui kanuni mpya au kwa sababu hawezi kupanga milinganyo ya Kidato cha Pili. La kwanza linatibika. La pili ni onyo kubwa.

Kwa Kemia na Fizikia, muulizeni pia kuhusu mtihani wa vitendo, kwa kuwa alama C inaweza kuficha mambo mawili tofauti kabisa. Mwambieni aeleze, bila kitabu, jinsi alivyofanya titresheni, yaani jaribio la kupima kiasi cha asidi kinachohitajika kusawazisha besi. Binti aliyeifanya kwa mikono yake atasema kwamba alisuuza bureti kwa asidi yenyewe kabla ya kuijaza, alisoma usawa wa kioevu jicho likiwa sambamba na sehemu ya chini ya mbinuko wake, alitingisha chupa kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa kwenye koki, na kwamba rangi ya njano ya kiashirio cha methili ranji ilianza kuelekea waridi kwa tone moja tu, naye akafunga. Atasema pia kwamba alirudia hadi vipimo vikakaribiana. Aliyetazama wenzake sita wakizunguka bureti moja atasema tu kwamba rangi ilibadilika.

Binti wa pili hakosi akili, alikosa kifaa. Alama yake ya C ilijengwa juu ya karatasi ya nadharia, na huko mbele, penye mtihani mzima wa vitendo katika kila somo la PCB, atahitaji shule yenye maabara inayofanya kazi. Andikeni jambo hilo, kwa kuwa linaingia moja kwa moja katika uchaguzi wa shule.

Kwa HGL, HKL na nyinginezo za sanaa, kipimo ni uandishi. Apewe swali moja la Historia, aandike insha kwa Kiingereza ndani ya dakika arobaini, kisha isomwe na mwalimu asiyemfahamu. Watu husema tahasusi za sanaa ni za kukariri. Wanaozisahihisha insha hizo wanajua kwamba binti asiyeweza kujenga hoja hawezi kufika mbali, hata akikumbuka tarehe zote.

Hatua ya 5: Sasa chagueni shule

Shule huja baada ya tahasusi. Majina kama Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana, ambazo ni shule za serikali za wanafunzi wenye vipaji maalumu, huvutia kila mzazi, na ni haki yao kuvutia. Lakini nafasi zake huenda kwa wenye ufaulu wa juu kabisa, na binti mwenye pointi 8 anayejaza shule za namna hiyo tupu katika nafasi zote za uchaguzi amejiweka mikononi mwa mfumo, umpangie popote.

Wekeni shule moja ya juu kwa matumaini, kisha zinazofuata ziwe zile ambazo wenye pointi kama zake huchaguliwa. Zipo shule kongwe za wasichana karibu kila kanda, kama Weruweru mkoani Kilimanjaro, Loleza jijini Mbeya, Nganza jijini Mwanza, Rugambwa mkoani Kagera, Korogwe Wasichana mkoani Tanga na Songea Wasichana mkoani Ruvuma. Zipo pia shule mpya 26 za wasichana za sayansi, moja kwa kila mkoa wa Tanzania Bara, zilizojengwa kupitia SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari. Kwa binti wa sayansi hizi za mwisho zinastahili kutazamwa kwa makini, kwani zimekusudiwa masomo hayo tangu msingi wake.

Kumbukeni kwamba Kidato cha Tano hupangwa kitaifa. Binti wa Lindi anaweza kupelekwa Kagera, na nauli ya safari hizo huwa nzito kuliko ada, ambayo katika shule za serikali iliondolewa kwa Kidato cha Tano na cha Sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Michango ya bweni na mahitaji binafsi bado ipo.

Pigeni simu shuleni, au mtafute mwanafunzi aliyemaliza hapo mwaka uliopita, na muulize maswali haya:

1. Je, tahasusi hii inafundishwa mwaka huu, na kila somo lina mwalimu wake wa kudumu? Shule inaweza kuwa na tahasusi katika orodha huku Fizikia ikifundishwa na mwalimu wa kujitolea anayekuja mara mbili kwa wiki.
2. Je, mwanafunzi hushika kifaa mwenyewe maabara, au husimama katika kundi?
3. Wanafunzi wa tahasusi hii walipata alama gani katika kila somo mwaka uliopita? Msikubali jibu la daraja la jumla. Matokeo ya kila shule hutangazwa na NECTA, kwa hiyo jibu mnaweza kulihakiki wenyewe.
4. Maji yanapatikana vipi bwenini? Msione aibu kuuliza. Binti anayeamka saa tisa usiku kufuata maji, au anayekosa darasa akiwa hedhini kwa kukosa mahali pa kujisitiri, hatafaidi mwalimu bora wala maabara bora.

Shule iliyojibu maswali matatu ya mwanzo vizuri na la nne kwa uaminifu inafaa kuwekwa katika nafasi za juu, hata kama jina lake halijulikani mtaani kwenu.

Hatua ya 6: Jazeni au rekebisheni machaguo katika Selform

Wanafunzi hujaza machaguo ya kwanza wakiwa shuleni, kabla hata ya kujua matokeo. Serikali hufungua tena mfumo baada ya matokeo ili wabadilishe. Mwaka 2025 dirisha hilo lilikuwa wazi hadi tarehe 30 Aprili. Msidhani tarehe ni ileile kila mwaka. Fuatilieni tangazo la TAMISEMI tangu Machi.

1. Ingieni kwenye mfumo kwa anwani ya serikali pekee, inayoishia na go.tz. Huduma hii ni bure, na anayedai fedha ili amwingize binti shule fulani ni tapeli.
2. Jisajilini kwa namba ya mtihani ya binti na taarifa nyingine za utambuzi zitakazoulizwa. Tarakimu moja ikikosewa mfumo hautamtambua.
3. Tengenezeni nywila na muiandike katika daftari la nyumbani. Ikiwa mnatumia duka la intaneti, binti aiandike kwa mkono wake na atoke kwenye akaunti kabla ya kuondoka. Wapo waliobadilishiwa machaguo na mtu aliyebaki nyuma yao kwenye kompyuta.
4. Pitieni machaguo ya zamani, moja baada ya jingine, mkiyalinganisha na karatasi yenu.
5. Wekeni tahasusi mliyoamua katika nafasi ya kwanza, kisha muirudie katika shule nyingine kabla ya kushuka kwenye tahasusi ya pili. Kutawanya tahasusi tofauti katika kila nafasi ndiko kunakompeleka binti wa PCB kwenye HGK, kwa maana mfumo hutii kilichoandikwa.
6. Jazeni na sehemu ya vyuo kwa uangalifu uleule. Stashahada ya uuguzi, ufundi au kilimo si adhabu. Kwa binti mwenye pointi 9 au 10 katika sayansi, chuo cha kati chaweza kumfikisha kwenye taaluma mapema, na baadaye akaomba shahada kwa stashahada yake. Lakini msiweke kozi ambayo hamtakubali aende.
7. Hifadhini mabadiliko, tokeni, kisha ingieni upya na mtazame kama yamebaki.

Jambo hili la saba katika orodha ndilo linalorukwa. Mkiyaona machaguo mapya baada ya kuingia mara ya pili, chapisheni au mpige picha ya kioo, na picha hiyo ibaki na mzazi. Msisubiri siku ya mwisho, kwa sababu siku hiyo mfumo huelemewa.

Hatua ya 7: Kati ya kujaza na kuchaguliwa

Majina hutoka kabla ya Julai. Miezi hii isipotee. Binti aanze na lile somo dhaifu la hatua ya 4, kwa saa chache kila siku, na arudie mada za Kidato cha Tatu na cha Nne ambazo alizikwepa. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana pia katika maktaba yake ya mtandaoni.

Ikiwa binti alikatiza masomo kwa ujauzito na kurejea kwa utaratibu uliotangazwa Novemba 2021, hana tofauti na mwingine katika mfumo huu: anapimwa kwa alama zake na umri wake. Asikubali kuambiwa na mtu yeyote kwamba tahasusi fulani si ya mzazi.

Hatua ya 8: Siku majina yanapotoka na wiki za mwanzo shuleni

Tafuteni jina kwa kutumia shule aliyosoma, kisha mpakue fomu ya kujiunga ya shule aliyopangiwa. Isomeni yote, hasa tarehe ya mwisho ya kuripoti. Anayechelewa kupita muda huo anaweza kupoteza nafasi yake.

Akiwa amepangiwa tahasusi isiyo chaguo lake, msikimbilie wilayani kwanza. Aripoti, kisha mzazi aandike barua kwa mkuu wa shule ndani ya siku za mwanzo, akieleza tahasusi inayoombwa na pointi za binti katika masomo yake, na kuambatanisha matokeo. Mabadiliko ndani ya shule hutegemea sifa na nafasi, na wakuu wa shule husikiliza zaidi barua yenye hesabu kuliko mzazi mwenye hasira. Baada ya mada kadhaa kufundishwa, hata mkuu mwenye huruma hatakubali, kwa kuwa atakuwa anamwingiza binti darasani akiwa tayari amechelewa.

Kwa aliye katika sayansi, mweleze mapema kwamba wanafunzi wenye ufaulu wa juu sana wa Kidato cha Sita katika sayansi wanaweza kupata ufadhili wa Samia kwa masomo ya sayansi, uhandisi, hisabati na tiba, ulioanza mwaka 2022. Wengine huomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na kwa njia zote mbili nyaraka ni muhimu: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa kianze kushughulikiwa akiwa Kidato cha Tano, si wiki ya maombi.

Mwezi wa kwanza ukiisha, mpigieni simu mwalimu wa taaluma na mumuulize mambo mawili tu: kama masomo yote matatu yana mwalimu anayeingia darasani, na kama binti anahudhuria vipindi vya BAM.